Panda Baiskeli Uione Bagamoyo

Bagamoyo haionwi kwa gari. Nalisema mapema hili, maana nimetoka kuuzunguka mji ule kwa baiskeli na nina furaha ambayo sijui niimwage wapi. Sisi watu wa Dar es Salaam tumezoea kwenda kule wikiendi: kilomita kama 70 za lami, unashuka hotelini, unaogelea, unakula pweza, unapiga picha mbili tatu kwenye magofu, na Jumapili jioni umo kwenye foleni ya kurudi. Ni mapumziko mazuri, siyakatai. Ila ukitoka nje ya geti la hoteli ukakodi baiskeli, unakutana na mji mwingine kabisa. Jamani, milango ile! Zile kuta za matumbawe! Ile Boma! Ngoja nivute pumzi nianze vizuri.

Kwanza baiskeli yenyewe. Msihangaike kutafuta ya mashindano. Chukueni ile ile ya mtaani, ya chuma, isiyo na gia, yenye keria nyuma, kengele kwenye usukani na kiti kipana chenye springi, ile inayobeba madumu ya maji na magunia ya mkaa kila siku. Uzito wake si tatizo kwa sababu mji ni tambarare, hakuna mlima wa kukutoa jasho. Raha yake ni mkao. Baiskeli ya mbio inakuinamisha mpaka unatazama tairi la mbele. Hii inakukalisha wima, kichwa juu, na macho yako yanafika pale pale nakshi za milango zinapoanza, juu kidogo ya vichwa vya wazee waliokaa barazani. Mwendo nao ndio wenyewe. Ni wa taratibu kiasi cha kumwamkia mzee shikamoo na kuisikia marahaba yake kabla hujampita, tena ni wa haraka kiasi kwamba mlango uliotoka kuuona bado umo akilini wakati unaofuata unajitokeza, ukaanza kuilinganisha. Kwa miguu jua litakushinda kabla hujafika nusu, kwa kuwa vitu vimetawanyika: magofu ya Kaole yako kama kilomita 5 kusini mwa mji, na misheni ya Wakatoliki iko upande wa kaskazini. Kwa bajaji unafika kabla hujaona. Majengo ya Bagamoyo yamepangana kwa umbali wa pedali, na mpaka leo sielewi kwa nini hatulitangazi jambo hili.

Anzeni Kaole, asubuhi, kabla jua halijakaza. Mnatoka mjini kwa njia inayopita minazi na mikorosho, watoto wanawapungia mikono, na pale mchanga unapozidi mnashuka mnaikokota hatua chache kisha mnapanda tena. Halafu miti inaachana na mbele yenu kuna msikiti wa karne ya 13, kati ya misikiti ya mawe ya kale kabisa Tanzania bara. Kibla chake bado kinaonekana. Kando kuna wa pili, wa karne ya 15, na kuuzunguka kuna makaburi yenye nguzo za mawe, nguzo ndefu zilizosimama peke yake dhidi ya mbingu. Nguzo hizo zilikuwa zimepambwa kwa bakuli za Kichina, zilizopachikwa kwenye mawe zing'ae juani, na vyombo kama hivyo mtavikuta kwenye makumbusho madogo pale pale. Simameni muwaze: bakuli limefinyangwa China, limevuka Bahari ya Hindi, limekuja kupamba kaburi la mtu wa mwambao wetu, na ninyi mmelifikia kwa baiskeli kabla ya chai ya saa nne!

Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa, na tangu hapo Kaole ikaanza kusomwa vizuri. Ila hata asiyejua akiolojia anaweza kuona kilichoupata mji huu. Tembeeni hadi upande wa bahari mtaona mikoko, mikoko mitupu. Bandari ilijaa tope, mikoko ikafunga njia, majahazi yakashindwa kuingia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Richard Burton na John Speke walipoanza safari yao ya kwenda bara mwaka 1857 bado waliondokea huku. Muda mfupi baadaye kila kitu kilikuwa kule Bagamoyo. Kwa hiyo mnapogeuza baiskeli kurudi mjini mnafuata njia ile ile iliyofuatwa na biashara yenyewe, na hilo peke yake lilinisisimua mwili mzima.

Sasa Mji Mkongwe. Hapa punguzeni mwendo, tena punguzeni sana. Mtaa wa India ndio mshipa wake, na nyumba zake ni za nusu ya pili ya karne ya 19, wakati pembe za ndovu zilipokuwa zikishuka hapa kutoka Ujiji, kilomita kama 1,200 kwa miguu, zimebebwa mabegani na wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao. Utajiri ule ulijengewa nyumba, na nyumba zikajengewa milango.

Mmoja ulinisimamisha hadi nikaegemeza baiskeli kwenye ukuta nikachuchumaa. Chini kabisa ya mwimo, mahali ambapo mbwa na kuku hupita, fundi alichonga samaki. Magamba yake yanahesabika mpaka leo! Kutoka kwenye mdomo wa samaki yule kuna mawimbi, kutoka kwenye mawimbi kunaota shina, na pembeni mwa shina kuna mnyororo uliochongwa pete kwa pete ukipanda hadi kwenye kizingiti cha juu. Pete zimeshikana kweli, unaweza kupitisha kucha kati yake. Katikati ya mbao mbili umesimama mfaa, umejaa maua yaliyofungana kwa hesabu ya ajabu, na njumu za shaba zimebaki chache, nyingine zimeacha matundu tu. Mbao imepauka kwa chumvi ya bahari, lakini nakshi haijafa. Niliipitishia kidole polepole. Mkono wa fundi bado unasikika, kuna mahali patasi iliteleza kidogo naye akageuza kosa lile kuwa jani.

Mkishauona mmoja mtaanza kuisoma yote. Yenye kizingiti cha juu kilichonyooka kwa kawaida ni ya mtindo wa zamani zaidi. Yenye upinde juu ilienea baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, kwa ladha iliyoletwa na Wahindi. Mingine ina visanduku vidogo vya mraba mbao nzima na hukunjwa kama pazia: hiyo ni ya Kigujarati, milango ya maduka, kwa sababu duka lataka kufunguliwa lote. Mafundi walitumia mtiki na mfenesi, mbao ambazo mchwa huzikimbia. Tena katika pwani hii, mwenye uwezo aliweza kusimamisha mlango kwanza, ndipo nyumba ikajengwa kuuzunguka. Hebu fikirini mtu anayenunua mlango kabla ya ukuta! Ndiyo maana nyumba nyingine zimeanguka na mlango bado umesimama.

Kuta nazo zina habari zake. Ni mawe ya matumbawe, yameunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na juu yake zimelazwa boriti za mikoko kubeba dari. Boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, karibu mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni vyembamba na virefu. Upana wa chumba uliamuliwa na mti uliokatwa kwenye tope! Mkikaribishwa ndani ya nyumba yoyote kule, tazameni juu mzione boriti, halafu tazameni ukuta wa pili uko wapi, mtafurahi wenyewe.

Na hapa nina jambo moja la kulia. Pale ukuta wa matumbawe ulipozibwa kwa saruji, ukuta unaumwa. Chokaa hupumua: maji ya mvua na unyevu wa ardhini huingia na kutoka. Saruji huyafungia ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya plasta, na baada ya muda plasta inabanduka na kipande cha jiwe juu yake. Kutoka kwenye kiti cha baiskeli mtaona wazi kabisa, nyumba hii imepigwa chokaa, imetulia. Jirani yake imepigwa saruji, imevimba. Wenye nyumba wanafanya hivyo kwa nia njema, saruji iko dukani na mchoma chokaa ni wa kutafutwa. Natamani kila mwenye nyumba kule apate fundi chokaa karibu na kwa bei anayoiweza. Milango ile haiwezi kuning'inia hewani.

Msipite haraka kwenye jengo la ghorofa lililojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismaili aliyetajirika kwa kuwauzia wasafiri vifaa na kuwatafutia wapagazi. Alitoa shule hapa kwa sharti kwamba wasibaguliwe watoto kwa rangi, katika zama za Wajerumani! Alifariki mwaka 1897. Aliyewahi kulazwa au kwenda kumtazama mgonjwa Muhimbili analijua jina hilo, limo kwenye majengo ya wodi hadi leo, na wengi hatujui kwamba mwenyewe ni mtu wa Bagamoyo.

Ngome Kongwe na Caravanserai nitazipitia upesi. Ngome ilianza kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu karibu mwaka 1860, ikaimarishwa na Sultani Barghash wa Zanzibar, ikachukuliwa na Wajerumani, na baada ya uhuru ikawa kituo cha polisi kwa miaka. Ni nyeupe, nzito, ya ghorofa, na kivuli chake kinapendeza kwa kupumzika. Caravanserai ndipo misafara ilipopanga, uwanja mkubwa wenye vyumba kuuzunguka na jengo la ghorofa katikati. Imekarabatiwa vizuri na ina maelezo ya kutosha ukutani. Ingieni, someni, ila msikae mkasahau kwamba nje bado kuna Boma.

Boma! Wajerumani waliijenga mwaka 1897, miaka sita baada ya kuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam, kwa hiyo hili ni jengo la fahari lililojengwa katika mji ambao tayari ulikuwa umeshapokonywa cheo. Nalipenda zaidi kwa sababu hiyo. Limeitazama bahari, mabawa mawili yamekunjwa nyuma kulifanya herufi U, na juu lina meno ya ngome wakati madirisha na matao yake ni ya pwani kabisa, matao juu ya matao, yanayopitisha upepo kutoka ufukweni hadi uani. Mvua na miaka vimeliumiza sana. Lakini lizungukeni kwa baiskeli, polepole, mara moja kwa kulia na mara moja kwa kushoto, mtaona tao moja likiingia ndani ya jingine na bahari ikitokea katikati, ikipotea, ikitokea tena. Gari haliwezi kuwapa hilo. Mwenda kwa miguu atalipata nusu, kwa sababu matao yanahitaji mwendo ili yaanze kupishana.

Mbali kidogo, karibu na ufuko, ipo kumbukumbu ya mahali Wajerumani walipowanyonga Waafrika waliowapinga. Vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim viliwaka pwani hii mwaka 1888, na Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka huo huo Wajerumani walijenga mnara wa ulinzi pale Dunda, mdogo, wa mviringo, wa matumbawe kama nyumba zote zilizouzunguka. Nilishuka kwenye baiskeli hapo kwenye kumbukumbu. Naomba kila mtu ashuke.

Kisha ufuko. Sikilizeni, na hili ndilo la kuwaambia rafiki zenu wote: ngojeni maji yakipwa. Bahari ya Bagamoyo hujitenga mbali, na mchanga wa chini hubaki mgumu, umelowa, laini kuliko lami. Mnaendesha juu yake na mji wote wa kale uko kando yenu kwa upande mmoja: magofu ya forodha ya mwaka 1895, Boma nyuma yake, mapaa ya Mtaa wa India. Hivi ndivyo alivyouona yeyote aliyefika kwa jahazi! Mnara wa kanisa, kuta, minazi, katika mstari mmoja. Nilipiga kelele kwa furaha, wavuvi wakacheka nami nikacheka nao.

Pale forodhani samaki wananadiwa na harufu ya changu wa kukaanga inawaandama, na hatua chache kutoka hapo mafundi wanaunda vyombo. Nilisimama kumtazama mmoja akifanya kalafati. Anachukua pamba, anaisokota kwa vidole, anailoweka mafuta, kisha anaigongelea kwenye mwanya kati ya ubao na ubao kwa chuma bapa na nyundo, shibri kwa shibri, bila kukimbilia. Sauti ya nyundo yake ilikuwa na mwendo wake, na kutoka upande wa chuo cha sanaa, kilichoanza mwaka 1981 na sasa kikiitwa TaSUBa, ngoma za mazoezi zilikuwa zikijibu. Nilimuuliza fundi kama amejifunza kwa kusoma. Akanijibu kwamba amejifunza kwa kumshikia baba yake pamba.

Misheni iwekeni alasiri. Barabara yake ya kuingilia imepandwa miembe mikubwa pande zote mbili, na kuipita kwa baiskeli chini ya kivuli kile, mwanga ukichujika na majani yakilia chini ya tairi, ni raha ambayo ningeilipia kiingilio. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, wakanunua watu waliokuwa wakiuzwa utumwani na kuwaachia huru, na kijiji kikaota kuzunguka kanisa. Mnara wa kanisa la mwanzo, la mwaka 1872, ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone Februari 1874. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba kutoka Zambia ya leo, miezi mingi ya njia, zaidi ya kilomita 1,500, kabla haujavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza, akazikwa Westminster Abbey mwezi Aprili. Watu husimama mbele ya mnara huo wakimwaza Livingstone. Mimi nilisimama nikiwaza mabega ya Chuma na Susi.

Kanisa kubwa ni la 1910 hadi 1914, na linastahili kuingiwa kwa utulivu. Ila mbuyu ulio karibu na makumbusho ndio uliniacha mdomo wazi: mnyororo uliofungwa kwenye shina lake zamani, inasemekana kwa ajili ya kumfunga punda, umemezwa na mti, vimebaki vipande vidogo tu vinavyochungulia kwenye gome. Mti umekula chuma. Na ndani ya makumbusho, minyororo mingine, ile ya watumwa. Mtaelewa mtakapoviona vyote viwili siku moja.

Bagamoyo iko katika orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 2006, kwa ajili ya njia ya kati ya utumwa na pembe za ndovu, na inasubiri hatua inayofuata. Mimi siwezi kusubiri. Haya, maneno ya mwisho ni ya vitendo. Nendeni msimu wa kusi, Juni hadi Septemba: asubuhi upepo ni mdogo, mnafika Kaole kirahisi, na mkirudi unawasukuma mgongoni. Kiingilio cha magofu kilipeni bila kubishana, ndicho kinachomlipa mlinzi. Mkitaka kupiga picha mlango wa mtu, ombeni kwanza, wengi watakubali na wengine watawatolea kahawa. Mkishatoka ufukweni, mwagieni cheni na rimu maji ya bomba siku hiyo hiyo, chumvi haina huruma. Mwambieni fundi apandishe kiti hadi mguu unyooke pedali ikiwa chini, magoti yatawashukuru. Na mkimpata wa kuwakodishia baiskeli mbili, chukueni mbili; mke wangu ameshachoka kusimuliwa habari za samaki wa mlangoni na ameniambia safari ijayo yeye ndiye atakayetangulia mbele.